Shajara ya mradi: maziwa ya tarehe mosi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeanza leo. Katibu wa ushirika wa maziwa alinipigia simu Ijumaa jioni akaniambia wakulima wa upande wa Bahati wanalalamika kwamba hesabu zao za mwezi hazitimii, na fundi aliyewatengenezea programu hapatikani tena. Ameniomba niikague na niandike kila siku nilichofanya, ili kamati isome, na atakayeishika kazi hii baada yangu asianze gizani. Ndiyo sababu ya shajara hii.

Asubuhi nilipanda matatu ya Nyahururu pale Nakuru mjini, nikashuka Bahati. Foleni ilikuwa imekwisha, mitungi imeoshwa na kupinduliwa juani. Mama mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi akinisubiri. Hakuanza na maneno, alianza na kitabu.

Ni daftari dogo lililofunikwa kwa nailoni ya pakiti ya unga. Kila ukurasa ni mwezi mmoja, kila mstari siku moja: asubuhi, jioni, sahihi ya karani. Ukurasa wa Januari una mistari 31 na yote imejazwa. Nilijumlisha mara mbili nikapata kilo 352. Risiti yake ya malipo ya Januari inasema kilo 340.5. Pengo ni kilo 11.5. Desemba nayo ina pengo, kilo 12 kamili. Februari, 11.5 tena.

“Mwanangu,” akaniambia, “mimi sijasoma kompyuta, lakini ng’ombe wangu nakamua mwenyewe.”

Karani aliye mizanini ni kijana mwangalifu. Mwandiko wake umenyooka na hakuna mstari uliofutwafutwa. Alikiri kwamba Januari watu walipolalamika aliwajibu pengine maziwa ya sikukuu hayakuletwa, kwa sababu hata yeye hakuwa na maelezo mengine.

Mchana katibu alinitolea faili la ripoti. Mwisho wa kila mwezi anachapisha karatasi, anaifunga hesabu, na malipo yanaandaliwa kwa karatasi hiyo. Ripoti ya Januari ya kituo cha Bahati, safu ya tarehe 31, ni tupu kwa kila mkulima. Nikafungua programu ile ile kwenye skrini, mwezi ule ule, kituo kile kile: tarehe 31 Januari imejaa maziwa.

Karatasi inasema hayakuletwa, skrini inasema yaliletwa. Hapo ndipo nilipofika leo.

Jumatano, 5 Machi

Nimelipata.

Vituo vingine vinaingiza maziwa kwa simu. Bahati walipewa laptopu na fomu mpya ya kwenye kivinjari, ikaanza kutumika Jumatatu ya 11 Novemba 2024. Nilianza kwa kuitazama siku hiyo kwenye hifadhidata. Tarehe 11 Novemba ina maziwa mara moja kama kawaida, lakini tarehe 10 kila mkulima wa Bahati ameleta maziwa ya asubuhi mara mbili na ya jioni mara mbili. Ng’ombe wa eneo zima hawawezi kuongeza maziwa maradufu siku moja kisha warudi hali ya kawaida. Kuna siku moja iliyosukumwa juu ya nyingine.

Nikafungua fomu, nikachagua kwenye kalenda ndogo tarehe 1 Machi, nikaandika kilo 1 kwa jina la majaribio, nikahifadhi. Kilichoingia kwenye hifadhidata ni 2025-02-28.

Nitaeleza kinachotokea, kwa sababu kamati imeniomba nieleze kwa lugha ya kueleweka. Ukibonyeza tarehe kwenye kalenda ile, JavaScript, lugha ya kompyuta iliyotumika kuandika fomu hiyo, haipokei siku. Inapokea nukta moja ya wakati: saa sita kamili usiku, mwanzo wa 1 Machi, saa za Afrika Mashariki. Kisha aliyeandika msimbo ameiamuru igeuze nukta ile kuwa maandishi kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa zinazolingana na za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukirudi saa tatu nyuma kutoka saa sita usiku unatua saa tatu usiku ya jana. Matokeo yake ni haya:

2025-02-28T21:00:00.000Z

Halafu mstari unaofuata unakata herufi kumi za kwanza na kutupa zilizobaki. Kinachosalia ni tarehe ya jana, safi, isiyo na alama yoyote kwamba imeharibika.

Inaumiza kwa namna hii. Siku zote za mwezi zimesogea nyuma hatua moja, na siku moja ikimwaga kwenye nyingine jumla haibadiliki, hivyo hakuna anayeona. Inaonekana mpakani tu. Siku ya mwisho wa mwezi karani hubaki hadi usiku, anaingiza maziwa ya jioni, ndipo katibu anachapisha na kufunga. Wakati huo 31 Januari bado ni tupu, kwa kuwa maziwa halisi ya tarehe 31 yamekaa kwenye 30. Asubuhi ya 1 Februari wakulima wanaleta maziwa, karani anayaingiza, nayo yanaandikwa 31 Januari, ndani ya mwezi uliokwisha kufungwa. Malipo ya Januari hayayaoni kwa sababu yamekuja baada ya karatasi kuchapishwa. Malipo ya Februari hayayaoni kwa sababu tarehe yake ni ya Januari. Yamo kwenye mashine, yana jina, yana kilo, na hakuna atakayeyalipa milele.

Maziwa ya tarehe mosi. Desemba, Januari, Februari, na juzi Jumamosi, 1 Machi.

Sina neno baya juu ya fundi aliyetangulia. Kosa hili ni rahisi kulifanya hasa ukijifunza kwa mifano iliyoandikwa mbali. Anayekaa New York yuko nyuma ya UTC. Saa sita usiku yake ikigeuzwa inakuwa alfajiri ya siku ile ile, tarehe haibadiliki, naye anaapa msimbo wake ni mzima. Yeye maumivu yake ni ya upande wa pili: akisoma maandishi “2025-03-01”, JavaScript inayachukua kuwa usiku wa manane wa UTC, na kwake inamwonyesha 28 Februari. Mtu wa London akijaribu Januari haoni kitu, akijaribu Julai saa zao zikiwa zimesogezwa mbele linamtokea. Sisi tulio mashariki ya Greenwich tunaumia tunapoandika, wao wa magharibi wanaumia wanaposoma. Kwa hiyo kila jaribio la tarehe lazima lifanyike kwenye mashine iliyowekwa saa za Nairobi. Nimeliweka hilo kuwa sharti la kwanza la mradi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerekebisha fomu. Badiliko lenyewe ni dogo: chukua mwaka, mwezi na siku kama mtu alivyovichagua, viunganishe, usipite UTC kabisa. Angalizo kwa anayefuata: JavaScript huhesabu miezi kuanzia sifuri, Januari ni 0 na Desemba ni 11, kwa hiyo kuna kuongeza moja hapo. Safuwima ya hifadhidata nayo nimeibadili kutoka aina ya wakati kuwa aina ya tarehe. Tarehe ya maziwa ni siku iliyoandikwa kwenye kitabu. Haina saa, haina dakika, na haipaswi kutembea kwa sababu seva iko nchi gani.

Kazi ngumu ni rekodi za nyuma. Nilishawishika kuandika amri moja ya kuongeza siku moja kwa kila rekodi ya Bahati tangu 11 Novemba, nikajizuia. Je, kuna siku laptopu iliharibika karani akatumia simu? Zilizoingia kwa simu ziko sawa, nikiziongeza siku nitaziharibu.

Bahati nzuri kila rekodi ina alama ya wakati ilipohifadhiwa. Nikalinganisha alama hiyo na tarehe ya maziwa. Zilizotoka kwa simu, tofauti ni sifuri au moja: maziwa ya leo yaliyoingizwa leo, au ya jana jioni yaliyoingizwa leo asubuhi. Zilizotoka kwenye laptopu, tofauti ni moja au mbili. Hakuna hata moja yenye sifuri, kwa miezi minne yote. Ushahidi wa wazi kuliko huo sihitaji.

Tarehe zilizokuwamo kwenye safuwima ya zamani sijazigusa. Nimeunda safuwima mpya kando yake, tarehe iliyosahihishwa imeingia huko. Amri ya “ongeza siku moja” ikiendeshwa mara mbili kwa bahati mbaya inaongeza siku mbili, na baada ya hapo hakuna wa kukuambia.

Ijumaa, 7 Machi

Faili la kituo cha Molo. Hili lilikuja kwenye flashi, jedwali la Excel la mwaka jana, lililojazwa kwenye laptopu ambayo tangu ilipotolewa kwenye boksi imekuwa na mpangilio wa tarehe wa Marekani.

Karani anaandika tarehe kama tunavyoandika sote, siku kwanza: 7/3/2024. Mashine inasoma mwezi kwanza: 3 Julai. Akiandika 13/3/2024, mashine inatafuta mwezi wa kumi na tatu, haiupati, inaacha kama maneno. Ukiangalia jedwali kwa macho bila kubonyeza chochote utaliona: tarehe mosi hadi kumi na mbili zimeegemea kulia kwa sababu zimekuwa nambari, na kuanzia kumi na tatu zimeegemea kushoto kwa sababu zimebaki maandishi. Ukurasa mzima umekatika vipande viwili kama nguo iliyoshonwa vibaya.

Ubaya wake ni kwamba zilizoharibika ndizo zinazoonekana nzima. Maandishi ya kushoto ni salama, nayasoma upya siku kwanza. Zile nambari za kulia ndizo uongo, nazo lazima nibadilishe nafasi ya siku na mwezi, isipokuwa 1/1, 2/2, 3/3 na kuendelea, ambazo ni sawa upande wowote utakaosoma.

Nilipokuwa humo nikakumbuka jambo ambalo vijana wa kazi hii wanapaswa kulijua. Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku kuanzia 1 Januari 1900, ambayo ni siku ya 1. Siku ya 60 inaitwa 29 Februari 1900. Siku hiyo haikuwahi kuwapo. Mwaka wa mwisho wa karne huwa mrefu, yaani wa siku 366, pale tu unapogawanyika kwa 400, kwa kanuni ya kalenda ya Papa Gregory wa Kumi na Tatu ya mwaka 1582. Ndiyo maana 2000 ulikuwa na 29 Februari na 1900 haukuwa nayo. Kosa lilikuwa kwenye programu ya Lotus 1-2-3, na Microsoft wakaliiga kwa makusudi ili majedwali ya Lotus yafunguke kwao bila kubadilika. Likabaki hadi leo. Pia kuna mafaili yanayohesabu kuanzia 1904, mtindo uliotoka kwenye kompyuta za Macintosh, na ukinakili kutoka moja kwenda jingine bila uangalifu tarehe zinaruka siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Ukiona maziwa ya 2024 yamejiita ya 2020, tafuta hapo kwanza.

Molo imekwisha saa kumi jioni. Njoro wamesema flashi yao italetwa.

Jumanne, 11 Machi

Leo niliamka saa kumi usiku nikawahi foleni ya Bahati, kwa sababu kuna tatizo la saa ambalo haliwezi kueleweka ukiwa ofisini.

Programu ina tahadhari: maziwa yakichukua zaidi ya saa tatu kutoka mizanini hadi tangi la kupozea, yanawekewa alama nyekundu. Kituo kimoja kina alama nyekundu karibu kila siku, na mapokezi wamekuwa wakiyashuku maziwa yao kwa miezi.

Nilisimama nyuma ya karani wa kituo hicho. Mkulima akamwaga, mizani ikatulia, karani akatazama saa ya ukutani na kuandika kwenye laptopu: 12:20. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, kweli kabisa. Programu ikapokea 12:20 na kuielewa kuwa adhuhuri. Gari likafika tangini saa mbili kasoro, na pale mpokeaji anaandika kwa mtindo wa simu, 7:50. Kwa mashine, maziwa yalifika tangini kabla ya kukamuliwa. Na kwa kuwa fundi aliona hilo haliwezekani, aliandika kwamba ikitokea hivyo basi gari limefika siku ya pili. Saa kumi na tisa na nusu njiani, kati ya Bahati na mjini.

Katibu alipendekeza karani afundishwe kuandika “saa za Kizungu”. Nimepinga. Karani hakukosea. Saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza, saa moja ni saa moja ya mchana, na kila mkulima kwenye foleni ile akiambiwa gari linaondoka saa moja na nusu anajua afanye nini. Programu ndiyo iliyokuja ugenini.

Tena tatizo lina ufumbuzi mzuri. Maziwa ya asubuhi hupokelewa kati ya saa kumi na moja na nusu na saa mbili. Kwa Kiswahili tarakimu zitakuwa 11, 12, 1 au 2. Kwa Kiingereza zitakuwa 5, 6, 7 au 8. Hazigongani hata mahali pamoja. Jioni ni saa kumi hadi kumi na mbili, yaani 10, 11, 12 dhidi ya 4, 5, 6. Kinachoweza kuchanganya ni 11 na 12, au 5 na 6, za asubuhi na zile za jioni, na hapo karani tayari anabonyeza Asubuhi au Jioni kabla ya kuandika chochote. Kwa hiyo rekodi zote za nyuma zinaweza kusomeka bila kubahatisha. Kwa rekodi mpya mashine itaweka muhuri wa saa yenyewe, na skrini itamwonyesha karani saa kwa maneno: “saa 12:20 asubuhi”.

Mchana niligeuza rekodi za miezi sita. Alama nyekundu zilizobaki ni nne, na zote nne ni za siku barabara ilipoharibika kwa mvua. Nimewapigia mapokezi nikawaeleza wasikie kwa masikio yao kwamba maziwa ya kituo kile hayakuwa na ila.

Ijumaa, 14 Machi

Kitu kifupi. Ratiba ya gari la chakula cha mifugo ilikuwa inatoka na siku zisizo zake. Aliyetafsiri majina ya siku aliyafuata majina yenyewe: Jumatatu ina “tatu” ndani yake, akaipa nambari 3, Jumanne 4, Jumatano 5. Kwa Kiswahili yuko sahihi, kwetu wiki inaanza Jumamosi. JavaScript inaanza Jumapili kwa sifuri, kwa hiyo Jumatatu ni 1. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 nacho kinaipa Jumatatu 1, lakini Jumapili kinaipa 7. Nimepanga upya, nimeandika jaribio la kila siku ya wiki.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ngumu kuliko zote tangu nianze, na iliyonifundisha zaidi.

Mzee mmoja mwanachama wa siku nyingi alirudishiwa fomu yake ya mfuko wa kufaana kwa sababu tarehe ya kuzaliwa haifanani na kitambulisho. Kitambulisho: 12 Juni 1938. Fomu iliyotoka kwenye simu ya ofisi: 11 Juni 1938. “Mjukuu wangu,” akasema, “nimezaliwa mara moja.”

Nilidhani ni lile kosa la JavaScript tena. Siyo. Hifadhidata ilikuwa sahihi, na wanachama waliozaliwa 1951, 1966, 1980 walitoka sawa kwenye simu ile. Nikaanza kujaribu tarehe moja moja kwenda nyuma. 1945 sawa. 1943 sawa. 2 Agosti 1942 sawa. 1 Agosti 1942, imerudi siku moja. Nikaamuru ionyeshe na saa: 31 Julai, saa 23:45.

Robo saa. Dakika kumi na tano ndizo zilizomwibia mzee siku yake.

Kompyuta na simu zetu hujua saa za kila mahali duniani kwa jedwali linaloitwa tz, ambalo hutunzwa chini ya IANA, taasisi inayoratibu majina na nambari za intaneti, na hubeba pia historia. Na historia ya saa za Kenya si ndogo. Kabla ya kutulia kwenye saa tatu mbele ya Greenwich, nchi hii iliwahi kuwa saa mbili na nusu mbele, na baadaye saa mbili na dakika 45. Jedwali la sasa linaonyesha dakika 45 hizo zilitumika tangu mwanzo wa 1937 hadi mwisho wa Julai 1942. Seva yetu haijui historia, inaongeza saa tatu tu kwa kila tarehe. Ikachukua usiku wa manane wa 12 Juni 1938, ikatoa saa tatu, ikaituma kama saa 21:00 ya UTC ya tarehe 11. Simu, ambayo historia inaijua, ikaongeza saa mbili na dakika 45. Ikafika 23:45 na kusimama hapo, siku moja kabla.

Kuna zaidi. Nilijaribu kwenye simu ya zamani ya karani, na pale hata mwanachama wa 1955 alirudi nyuma. Matoleo ya zamani ya jedwali hilo yaliweka mwisho wa dakika 45 kuwa 1960. Matoleo mapya yamesahihishwa hadi 1942. Kwa hiyo mtu mmoja, rekodi moja, simu mbili mezani zimelala pamoja, na tarehe mbili za kuzaliwa. Nilimwita katibu aje aone kwa macho yake.

Walioumia zaidi ni wale ambao daftari la zamani liliandika mwaka peke yake. Fundi aliwapa wote 1 Januari ili safuwima isikae tupu. Aliyeandikwa 1940 akawa 31 Desemba 1939, amezeeka mwaka mzima kwa robo saa.

Dawa ni ile ile ya tarehe 6: siku ya kuzaliwa ni siku, ihifadhiwe kama siku na isafiri kama maandishi ya mwaka, mwezi na siku. Na kwa wale wa mwaka tu, nimetengeneza nafasi ya kuandika mwaka peke yake. Programu isimzulie mtu siku ambayo mama yake hakuitaja.

Fomu ya mzee imechapishwa upya ikiwa na 12 Juni 1938. Aliisoma mara mbili kabla ya kuikunja.

Alhamisi, 20 Machi

Mikopo ya pembejeo. Waliokopa 31 Januari walipaswa kulipa awamu ya kwanza “baada ya mwezi mmoja”. Programu iliongeza mwezi, ikapata 31 Februari, ikaona haipo, ikasonga mbele siku tatu: 3 Machi. Februari ikapita bila deni kudaiwa, na Machi ikawa na awamu mbili. Mwekahazina nilipomuuliza anataka iweje alijibu bila kufikiri: mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Nimeandika hivyo hivyo. Februari itakuwa 28, au 29 mwaka ukiwa mrefu.

Kuhusu mwaka mrefu, nimeweka jaribio la 29 Februari 2028 tangu sasa. Makosa ya siku hiyo yamewaangusha wakubwa. Tarehe 29 Februari 2012 huduma ya Azure ya Microsoft ilizimika kwa saa nyingi kwa sababu sehemu moja ilitengeneza vyeti vya mwaka mmoja kwa kuongeza moja kwenye mwaka, ikapata 29 Februari 2013, siku isiyokuwapo. Na 31 Desemba 2008 vicheza muziki vya Zune viliganda kwa kuwa msimbo wake haukujua la kufanya na siku ya 366.

Jumatano, 26 Machi

Safuwima ya tarehe ya kustaafu kwenye mfuko ilikuwa inakataa kuhifadhi wanachama vijana. Aliyezaliwa 1980 atafika miaka 60 mwaka 2040, na aina ya safuwima iliyotumika inahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32, yaani kwa nafasi 32 tu za sifuri na moja. Hesabu hiyo inajaa kwenye sekunde ya 2,147,483,647. Nimeibadili kuwa tarehe, wamekubalika.

Nikapiga hesabu sekunde hiyo ya mwisho itakuwa lini kwetu. Ni Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi. Foleni itakuwa imefika barabarani, mtungi mmoja utakuwa juu ya mizani. Mashine ya zamani itakayokuwa bado inatumia hesabu ile itarudi hadi Desemba 1901 wakati karani akisubiri kubonyeza. Nimeandika kwenye orodha ya vifaa vya ushirika ni tableti zipi za biti 32, na mwaka wa kila moja, ili zisije zikasahaulika kabatini zikaibuka siku hiyo.

Jumanne, 1 Aprili

Tarehe mosi. Nilikuwa Bahati kabla ya gari.

Jana usiku katibu alifunga Machi. Kabla hajachapisha tulitazama pamoja safu ya 31: imejaa, mkulima kwa mkulima. Tulilinganisha na vitabu ishirini vilivyoachwa mizanini kwa hiari ya wenyewe, na vyote ishirini vikakubaliana na karatasi hadi nusu kilo.

Leo mvua ilikuwa nyembamba, watu wamejifunika magunia. Karani akaingiza wa kwanza, mimi nikiwa nimefungua hifadhidata kwenye simu yangu pembeni. 2025-04-01. Wa pili, 2025-04-01. Niliendelea kutazama hadi foleni ikaisha, ingawa baada ya kumi hivi hapakuwa na shaka tena.

Kamati ilikaa Jumamosi na imekubali kulipa siku nne kwa kila mkulima wa Bahati, kwa bei ya shilingi 45 kwa kilo. Yule mama ana kilo 12 za 1 Desemba, 11.5 za 1 Januari, 11.5 za 1 Februari na 11 za 1 Machi. Jumla 46, shilingi 2,070. Alileta kitabu, karani akaandika kwenye pambizo ya kila ukurasa “imelipwa”, mara nne, akaweka sahihi mara nne. Kisha wakafungua ukurasa mpya, Aprili, mstari wa kwanza, asubuhi: 7.5.

Bado faili la Njoro. Flashi imefika jana, jedwali lina mistari elfu moja na kitu, na nusu yake imeegemea kushoto.